Daktari Mwenye Farasi Mweupe

Ijumaa, 5 Juni 1970

Zege tangu asubuhi. Vidole havikunjuki. Saa sita wenzangu wakaenda kusali, mimi nikaenda Darajani kwa Bi Salma muuza vitabu kama kila Ijumaa. Mkristo kwenye genge letu ni mimi peke yangu, ndiyo maana kazi ya kuchagua vitabu vya picha ni yangu. Wakitoka msikitini, vipya vimekwisha.

Boti ya jana kutoka Dar imeleta vitano. Viwili vya ngumi tupu, havifai. Kimoja cha watu waliokwenda mwezini, picha nzuri, hadithi hakuna. Kimoja chembamba cha Kiswahili, hakina rangi, sikukifungua. Cha tano ndicho cha kununua wiki hii. Daktari mwenye farasi mweupe, sehemu ya tano. Cha Kiingereza, rangi mpaka jalada la nyuma.

Tukakaa juu ya mbao, Michenzani, ghorofa ya pili isiyo na ngazi bado. Nikawasomea, kidole kwenye picha. Daktari amefika mtoni. Mkewe yuko ng'ambo. Mto umefura. Mzee Vuai, fundi mwashi wetu, machozi yalimlengalenga. Hajui kusoma, lakini sehemu zote nne za nyuma anazo kichwani.

Makame akacheka. Ameletwa genge letu Jumatatu, mtu wa Chukwani, amefika sekondari.

"Yakhe Kulwa, hebu rudia hapo. Pameandikwa hivyo?"

Akaninyang'anya kitabu. Akakigeuza Kiswahili mstari kwa mstari, mbele ya watu wote. Si daktari. Ni mwizi wa ng'ombe, kavaa koti la daktari aliyemuua. Na yule si mkewe. Ni dada wa marehemu, anamwinda amfikishe polisi.

Wakapasuka kwa kicheko. "Wiki tano, Kulwa! Wiki tano unatutoa machozi kwa ajili ya mwizi!"

Kalamu imetoboa karatasi hapa. Niache itoboke. Shule nilitoka darasa la nne, Kahama. Kiingereza nina maneno ya kuhesabika. Picha zilinitosha. Sikumdanganya mtu.

Basi, niliwadanganya.

Jumamosi, 6 Juni

Sheria ya genge: aliyeleta kitabu kibovu anabeba maji ya zege Jumamosi nzima. Niliitunga mimi, mwaka juzi. Nilicheka sana siku ile.

Madebe mawili kwenye mti wa mzega, kutoka bombani mpaka juu, kwa ngazi ya miti. Asubuhi mpaka jioni. Bega limechubuka. Makame kwenye koleo, anapiga kelele mpaka barabarani wanasikia: "Daktari! Maji! Mgonjwa anakufa!"

Sasa wote wananiita Daktari. Namchukia. Nawachukia wote.

Jumatatu, 8 Juni

Daktari, lete karai. Daktari, mchanga.

Mzee Vuai nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akageukia ukuta wake. Si kawaida yake. Hilo limeniuma kuliko bega.

Miaka mitatu niko kisiwa hiki. Nabeba, nakula, nalala. Hakuna anayejua baba yangu ni nani. Ijumaa mchana ndiyo saa pekee watu walikuwa wananingoja mimi.

Jumatano, 10 Juni

Wamekaa wakaamua, mimi nasikia. Ijumaa hii nichague mara moja zaidi. Nikikosea, Makame atakuwa anapita kwa Bi Salma kila Alhamisi jioni, na yeye ndiye atakayesoma. Makame akasema hana haraka. Anatabasamu. Nilitaka kumtwanga meno kwa koleo.

Alhamisi, 11 Juni

Nimetoka kazini moja kwa moja Darajani, saruji mpaka kwenye nyusi. Bi Salma hana duka siku hizi, anauza barazani kwake. Nikakiulizia kile chembamba cha Kiswahili.

"Hicho? Hakuna anayekitaka, mwanangu. Kaa hapo ukisome. Ukikichafua, umekinunua."

Nikanawa mikono kwanza. Nikasoma chote, kila neno. *Dereva wa Lori Namba Saba*. Mwajiri wake kampa barua aipeleke Mwanza. Dereva hajui kusoma, anaona haya kumwomba mtu amsomee. Siku nne njiani, matope, gurudumu limepasuka, anailinda barua isilowe. Barua yenyewe inasema afukuzwe akifika.

Nilipandwa na hasira. Mtu mzima na ndevu zake, anaona haya kuuliza!

Nikafunga kitabu. Nikajipapasa ndevu zangu.

Ijumaa, 12 Juni

Wametoka kusali wamenikuta nimeshakaa. Vitabu viwili. Nikasema kabla hawajaketi, maana nikingoja ningeshindwa.

Nikawaambia cha kununua wiki hii ni hiki chembamba. Rangi hakina, farasi hakina. Nitakisoma kama kilivyoandikwa, na Makame akae ubavuni kwangu afuatilie. Cha farasi sehemu ya sita nimekileta pia. Hicho asome Makame. Mimi sikiwezi.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani watacheka.

Nikasoma. Mara moja niliruka mstari, Makame akanigusa kiwiko, nikarudi. Kwenye barua Mzee Vuai akashindwa kuvumilia. "Si aulize mtu! Njia nzima hana wa kumuuliza?" Alikasirika kweli, akapiga ubao kwa mwiko wake wa uashi. Wakataka nirudie ukurasa wa mwisho. Nikarudia.

Kisha Makame na mwizi wake. Anasoma mbio. Anafunua ukurasa picha hazijatazamwa. Mzee Vuai akamshika mkono. "We Makame, taratibu, nshapotea mimi."

Hawakuamua kitu. Kengele ililia. Nimebaki na hasira, sijui ya nani.

Jumapili, 14 Juni

Kanisani asubuhi. Mchana nimefua shati.

Jioni nilikuwa bombani Makame akapita. Akasimama. Akatazama maji yanavyoingia ndooni kama hajapata kuona maji.

"Yakhe, yule daktari wako. Mke alivuka?"

Nikamwambia si daktari, ni mwizi, yeye mwenyewe Makame ndiye aliyesema.

"Nnajua. Nnauliza yule wako."

Ndoo ya kwanza ikajaa, nikaweka ya pili. Hasira haijaisha na sikutaka iishe mbele yake. Mwenyewe sijui kama alivuka. Nikamwambia asubiri Ijumaa.

Ya pili ikajaa. Akaibeba yeye.