Kwa Nini Nilimkataa Ngalula

Mama Veronika,

Tangu tukuzike, mabinti wanaoomba kuingia utawa nawahoji mimi. Wenzetu walinikabidhi kazi yako hata kabla vumbi la makaburini halijatutoka viatuni. Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo siwezi kumwambia mtu aliye hai.

Alikuja Ngalula, wa mtaa wa Dilala. Watu wao ni wa Kasai. Babu yake aliletwa hapa Kolwezi kufanya kazi mgodini. Alijibu kila kitu vizuri. Sala anazijua, parokiani wanamsifu. Nikafanya ulivyonifundisha, nikaenda kwao kabla ya kuamua lolote. Unakumbuka ile safari ya Tenke, mvua inatupiga juu ya pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja, nawe unanipigia kelele sikioni: "Usiulize kama anapenda kusali. Angalia nani atalia akiondoka, na nani atashukuru." Nilicheka. Nilidhani ni baridi inayokusemesha.

Kwao hakulia mtu. Kaka yake alifukiwa shimoni akichimba kobalti na wenzake, na ndiye aliyekuwa akiwalisha wote. Mama yake alinishika mikono, hakutaka kuiachia. Baba yake, Tata Kabeya, akasema, "Mumukamate tu, Mama, muende naye. Kule kwenu atakula."

Ngalula alinisindikiza hadi barabarani. Tukingoja pikipiki, akasema bila kuniangalia, "Mama, mi sipendi. Ni tata ndiye anapenda. Lakini usibaambie. Atanifukuza."

Ndiyo hayo, Mama. Nimeyabeba peke yangu.

Kwenye baraza letu la watawa nilisema hana wito. Mkubwa wetu akaniuliza sababu, nikarudia hayohayo. Nyumba ina vitanda vitupu, mwaka huu hajaingia hata mmoja, na huyu binti, paroko mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi. Mkubwa akaniambia, "Umekuwa mgumu kama marehemu Mama Veronika." Wengine wakainamisha macho. Ungekuwepo pale... sijui. Pengine ungepata maneno. Mimi nilipata hapana tu.

Baba yake hakumfukuza. Alimpeleka mtoni kuosha mawe ya wachimbaji. Nilimwona wiki iliyopita nikitoka Nzilo, nilikokwenda kumpelekea mgonjwa Ekaristi. Alikuwa ndani ya maji hadi magotini, mikono imebabuka, ngozi ya vidole inatoka. Nilimsimamisha dereva, nikashuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema tu, "Aksanti, Mama," akainamia tena beseni lake.

Nimemwombea nafasi kwa mama anayefundisha kushona parokiani. Amesema hana. Nimemkinga binti na nadhiri asizozitaka, na sasa maji yale ndiyo yanamla. Ulikuwa ukitoka kwenye mahojiano unakwenda kukaa nyuma ya jiko, husemi na mtu mpaka jioni. Mimi nilikuwa nakuona mkali.

Pumzika, Mama. Neno la Ngalula halitatoka mdomoni mwangu, si kwa mkubwa wetu, si kwa Tata Kabeya. Kwa yule mama wa kushona nitarudi mpaka anichoke. Na Jumamosi nitashuka mtoni na mafuta ya kupaka mikono. Sitakuwa na swali lolote la kumuuliza. Nitaingia majini, nishike upande wa pili wa beseni.

Mwanao,
Odile