Harufu ya Iteka Ndani ya Kichupa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Ngara
Tarehe: 9 Juni 2016, saa 3:20 asubuhi
Jina: Ntirampeba Bartholomayo. Umri: miaka 56. Kazi: mkulima. Makazi: Mbuba.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Mtuhumiwa Kaneza ni binti wa kaka yangu, ananiita shangazi. Mwezi Januari alikimbia machafuko Burundi na mwanawe mchanga, Iteka. Mtoto akafa kwa homa njiani. Kaneza alivuka mpaka na mbeleko tupu mgongoni.

Mnamo mwezi Aprili ulikuja mradi pale kituo cha wakimbizi, na miwani inayofunika macho. Ukivaa unaona nyumba na migomba ya kwetu, na kijisanduku chini ya pua kinakupulizia harufu ya unachokiona. Fundi wake, Felisiani, aliomba aazimwe vitu vyenye harufu ya nyumbani, avute harufu aitie kwenye vichupa vya majimaji. Alisema inawasaidia wasiopata usingizi. Kaneza akatoa mbeleko. Hakuwahi kuifua. Kwetu mtoto hupakwa samli, na ile mbeleko ilinuka samli, maziwa na Iteka mwenyewe.

Tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, mimi nikiwepo, Asmaa aliirudisha. Huyo ni msaidizi wa Felisiani, binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini. Akasema, "Shikamoo mama. Nimeifua na kuipiga pasi." Kwao kitu cha kuazima hakirudishwi kichafu. Binti ana adabu, simlaumu, lakini jamani, adabu nyingine inaua! Kaneza aliiweka usoni, akavuta pumzi, akavuta tena. Sabuni tupu. Akaniambia, "Shangazi, sasa ndiyo amekufa."

Harufu ilibaki kwenye kichupa kimoja tu cha mashine. Kaneza akawa anapanga foleni kila siku avae miwani. Picha hakuzitazama, alifumba macho.

Jana saa nane mchana Felisiani alitangaza kwamba mashine zinahamia Biharamulo, wageni wakazione. Kaneza akapiga magoti, akaomba kichupa. Felisiani akajibu, "Ni mali ya mradi." Nikamuuliza, "Na harufu ni mali ya nani?" Akageuka kufunga mizigo. Ndipo Kaneza akavunja kijisanduku, akachomoa kichupa, akakimbia. Alikamatwa getini. Amekichukua, sikatai. Andika hivyo hivyo, afande, usinipunguzie neno.

Tangu hapo hali, hanywi, hasemi. Nimemwita mlangoni mwa mahabusu, ananitazama kama hanijui. Anaondoka huyu, nawaambieni! Mfungeni mkitaka, lakini mpeni kichupa chake akinuse mwenyewe. Felisiani alisema kila kikifunguliwa kinapungua. Sasa wewe unakifungulia nini, afande? Kifunge! Nakuomba, mwanangu, kifunge!

Nimesomewa, na niliyoyasema ndiyo hayo. Sina la kuongeza ila hilo ombi.

Alama ya dole gumba la kulia la shahidi.

Maelezo ya askari: Nilikifungua kielelezo mbele ya shahidi ili kuhakiki kilichomo. Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi. Mtuhumiwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu akamatwe, aliita "Iteka", akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Kisha akaniuliza kama harufu imebaki. Nimemjibu kwamba imebaki. Kichupa ni kikavu.

Koplo Shibuda