Daftari la Kadi za Kura

Ushirombo,
Jumanne.

Mke wangu Mama Nkwimba,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo kwa baba. Mvua zimeanza Tinde, au bado mnaangalia mawingu? Nkwimba kile kikohozi kimemwacha? Na mguu wa baba je, unamfikisha kisimani? Mimi ni mzima wa mwili.

Utashangaa kuona nimeandika Ushirombo badala ya Buseresere. Wiki iliyopita nilikwambia kwenye simu kwamba kazi imesimama kwa sababu duara letu la kuchimbia dhahabu limeingia maji. Nilikudanganya. Simu yako huwa unaiweka sauti ya juu ili baba naye asikie, na hili nataka ulijue wewe kwanza. Barua nampa dereva wa lori la mchele anayepita hapo Tinde.

Kampeni zilipopamba moto, mwenye duara letu, Bosi Maduhu, aliniita stoo akanipa daftari jipya.

"Wewe una mwandiko mzuri," akasema. "Andika kila mtu wa duara, jina lake na namba ya kadi yake ya kura."

"Za nini, bosi?"

"Mdogo wangu anagombea udiwani. Nataka kujua watu wangu."

Kisha akasimama mbele ya wachimbaji wote akatangaza kwamba kura zikishahesabiwa, namba hizo zitamwonyesha nani alikuwa naye na nani alimgeuka, na aliyemgeuka asitegemee kushuka tena kwenye duara lake.

Mama Nkwimba, mimi nilijua huo ni uongo. Namba ya kadi haisemi mtu kampigia nani. Ningeweza kuwaambia watu pale pale. Nilinyamaza, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kuandika. Walinijia mmoja mmoja na vichinjio vyao, ndivyo tunavyoziita zile kadi, wakinisomea namba bila kunitazama usoni.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, Mzee Shija, fundi wetu wa matimba, yale magogo yanayozuia duara lisitufukie. Aliniamkia kwa adabu kama kawaida yake, mwangaluka, kisha akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, kadi hii sikupewa na Maduhu. Niandike jina, namba uache wazi." Niliacha wazi. Kesho yake aliambiwa asikanyage tena pale. Nilimwona akikusanya shoka na msumeno wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsaidia kubeba.

Tangu hapo kambi ikawa na maneno ya chini chini. Wengine walimtaka kweli mdogo wa bosi, walisema akiingia yeye maduara hayatafungwa. Wengine walijiandikisha makwao, Kahama na Sengerema, hawakuwa na kura ya kupiga hapa. Wengi tulimtaka mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyesema atapigania zahanati ijengwe kambini. Unamkumbuka Masele niliyekusimulia, aliyeangukiwa na mwamba tukampakia kwenye bodaboda akatufia njiani. Mwenye kumbukumbu ya Masele hawezi kuicheka zahanati. Lakini jina la yule mwalimu tulilitaja baada ya kutazama nyuma.

Siku ya kura foleni ilikuwa ndefu na kimya. Bosi aliegesha gari lake ng'ambo ya barabara, akashusha kioo, akawa anatutazama. Ilipofika zamu yangu nilichovya kidole kwenye wino, nikapewa karatasi, nikaelekezwa kwenye kituturi. Kile ni boksi tu la karatasi ngumu juu ya meza, ila ukiinama ndani yake uko peke yako. Picha ya mwalimu ilikuwa mbele yangu. Na mimi, niliyeliandika lile daftari kwa mkono wangu, niliyejua kuliko wote kwamba halina macho, niliogopa. Niliweka alama ya vema kwa mdogo wa bosi, nikakunja karatasi, nikatoka.

Jioni matokeo yalibandikwa ukutani. Kituo chetu kilimpa mwalimu, na kata nzima ikampa. Watu waliogopa kama mimi, lakini ndani ya kile kiboksi wengi wao, wanaume kwa wanawake, walikuwa jasiri kuliko mimi.

Siku ya tatu bosi aliniita tena stoo. Daftari lilikuwa mezani.

"Umekaa nao," akasema. "Umewasikia wakiongea. Weka alama kwenye majina ya walionigeuka."

Nilikuwa nawajua, Mama Nkwimba. Karibu wote nilikuwa nawajua. Nilifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, naye amesimama nyuma yangu hadi nasikia pumzi zake. Nilipofika kwenye jina langu nikaweka alama, nikafunga daftari, nikamrudishia.

Akafungua, akatafuta. "Ni wewe?"

"Ndiyo."

"Na wengine?"

"Kwenye kituturi niliingia peke yangu, bosi. Wengine sikuwaona."

Alilitupa daftari mezani. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Chukua nguo zako." Nikazichukua.

Sasa niko hapa Ushirombo na Mzee Shija. Amepata kazi ya kupaua jengo la mfanyabiashara mmoja, akanichukua niwe msaidizi wake. Habari za daftari zilimfikia kabla yangu. Alinishika mkono akasema, "Umepiga kura kiume." Sikumsahihisha. Kila siku nasema leo nitamwambia, kisha nachukua nyundo napigilia misumari. Wewe ndiye wa kwanza kuujua ukweli. Wakikuuliza hapo Tinde kama nilimgeuka bosi wangu, waache waamini wanavyotaka.

Nisalimie sana baba, umwambie kazi ya kupaua haina hatari ya kufukiwa. Msalimie mama mkwe, na shemeji Kulwa anayetuangalizia ng'ombe, na dada yangu muuza dagaa akipita mnadani. Nkwimba mwambie baba yake anamtafutia madaftari ya shule.

Limebaki jambo moja. Kila uchaguzi mimi ndiye niliyekuwa nakwambia nani wa kumpa, kama baba alivyokuwa akimwambia mama. Safari hii pia nilikupigia simu nikakutajia jina la mgombea wa hapo Tinde, na wewe ukaitikia tu. Nimelifikiria sana hilo nikiwa juu ya paa. Kama ulinifuata au ulimpa umtakaye, nakuomba usiniambie.

Wako,
Baba Nkwimba