Usitie Panga Chini ya Moabi

Douala, 4 Mei

Mdogo wangu Ango,
Habari za huko? Mguu wa mama umepoa? Mimi ni mgongo tu, kwa kusukuma magogo hapa kiwanda cha mbao. Biang, dereva wa lori la magogo, anasema amekuona na panga chini ya moabi wangu. Mti ule niliuona mimi kwanza, nikautia alama ya panga ubavuni, nikafyeka chini yake mimi. Anayefyeka ndiye mwenye mti, unajua. Sasa unafyeka kwa jina la nani?
Kaka yako, Mpouam

Lomié, 21 Mei

Kaka, salamu.
Mguu wa mama bado, lakini anakula na kugombana, basi ni mzima. Nimefyeka kwa jina lako. Wapima miti wa kampuni ya magogo wanapita, na moabi uliofyekewa chini hawaugusi, wanajua una mwenyewe. Matunda yakianguka mama atakukamulia mafuta. Na wewe unamwamini Biang, mtu aliyemla mbuzi wa mkwewe?
Mdogo wako, Ango

Douala, 2 Juni

Ango,
Nimefurahi mama anagombana. Ila maneno yako yanateleza mno. Mwaka jana ulisema chupa tatu za mafuta, sikuona hata moja. Miaka sita sipo. Ukifyeka msimu mwingine, wazee watasema mti ni wako. Hapa tunalala watu wanane chumba kimoja, na mti ule ndio kitu pekee cha kunirudisha nyumbani. Usitie panga pale mpaka nije Agosti. Ukigusa jani moja, hatuna undugu.
Kaka yako

Lomié, 30 Julai

Kaka, hujambo?
Sikugusa jani. Majani yamefika kifuani. Jumanne wapima walikuta kichaka, wakapaka mti alama nyekundu ya kukatwa. Nikawaambia una mwenyewe. Wakasema, "Mwenyewe gani asiyefyeka?" Nikawaonyesha barua yako, wakacheka. Mama hanisemeshi.
Zile chupa tatu nilimpa Biang akuletee.
Mdogo wako

Douala, 16 Septemba

Mdogo wangu,
Natumaini mama ameanza kukusemesha. Agosti ruhusa walininyima. Leo Biang ameshusha gogo la moabi lenye kovu la panga langu ubavuni. Nilimuuliza kuhusu chupa. Akasema, "Chupa gani, mzee?" Akapanda lori lake.
Gogo nimelisukuma mimi hadi kwenye msumeno. Harufu haijatoka mikononi.
Nenda kwenye kisiki. Ukikuta mche, ufyekee. Matunda yake hatutayaona sisi, lakini fyeka kwa jina lako.
Kaka yako, kama bado unaniita hivyo