Prosesa Inayomsemea Shemeji Yako

Nyumbani,
Jumapili jioni, tumetoka ibadani.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zetu zote, za sauti na za moyoni. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Usijikaze kisabuni, funga shingo, unywe vya moto. Sisi, kwa rehema za Mungu, tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi ni mzima kabisa, unamjua.

Sasa habari ya shemeji yako. Tangu kiharusi kimnyang'anye maneno, ile kompyuta uliyotuletea ndiyo inayomsemea: anaandika kwa mkono wa kushoto, yenyewe inatamka. Majuzi ikaanza kuzimika. Itasema "Naomba", halafu kimya. Anaomba nini? Mwanamume mzima anabaki kutoa macho, machozi yanamlenga. Ndugu yangu, nililia bafuni asinione.

Najua umeahidi kuleta mpya. Nilipomwambia, alikataa kwa kichwa. Fundi anasema programu yenye sauti ile ni ya zamani, mashine mpya haziipokei. Na mjukuu wetu amezaliwa akaikuta. Kwake hiyo ndiyo sauti ya babu. Basi nikamsihi fundi aifanye hii idumu kadiri Mungu atakavyojalia.

Alipofika akakuta kitambaa. Mama alifuma kizito cha sufu, chenye maua, akaifunika mashine nzima isiingie vumbi. Nani angethubutu kukiondoa?

"Bibi, mbona mmeivika sweta?" fundi akauliza. "Ina homa hii!"

"Na vumbi, utakuja kulipangusa wewe?" Mama akamjibu.

Fundi akaifungua, akatuonyesha prosesa, kidude kidogo kuliko biskuti, nacho ndicho ubongo wa kompyuta. Feni yake ilikuwa imezibwa na nyuzi za sufu. Joto halina pa kutokea, ikizidiwa inajizima isiungue. Akapuliza uchafu, akapaka upya dawa ya kupitishia joto, maana ya zamani ilikauka ikawa kama chokaa. Akaagiza ikae penye hewa, mbali na jua la dirishani, na tusifungue mambo mengi kwa pamoja. Kitambaa, marufuku.

Mama akanuna. Akakipakata kitambaa chake kama mtoto aliyefukuzwa shule. Ndipo kompyuta ikasema, bila kukatika hata kidogo: "Mama, nipe mimi. Miguu yangu ndiyo inayosikia baridi."

Mama akainuka na magoti yake yale, akamfunika mpaka vidoleni. "Si ungesema mapema!" akamwambia. Loo, tulicheka! Shemeji yako alicheka kwa sauti yake mwenyewe, ile isiyo na maneno.

Kwa hiyo usihangaike kununua nyingine. Tuombee hii ipate umri.

Wifi yangu msalimie sana, na mapacha uwabusu. Mama na shemeji yako wanakukumbuka kila tukiinama kuomba. Mungu akutangulie kila mlango unaoufungua.

Ni mimi wako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Dada Mkubwa