Tarehe ya Kila Asubuhi

Jumapili, 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na Mama anaendeleaje? Uvimbe wa mguu umepungua? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimechoka.

Sitaweza kuja mwezi huu. Najua utakunja uso. Vile vifaa vya kusukuma dripu vinasubiriwa hospitalini, na mimi ndiye ninayetengeneza imeji, yaani mfumo mzima unaopakiwa ndani ya kifaa ili kiwe na akili. Taabu ni kwamba nikibadilisha neno moja tu, mashine inaujenga upya mfumo wote, kuanzia msingi hadi bati. Nabadilisha asubuhi, napata jibu jua likizama, na jibu lenyewe ni kwamba nimekosea. Kesho yake tena. Ni kutwanga maji kwenye kinu, Dada. Hapa ofisini tumeshakunywa chai yote, tumeshasengenya watu wote, sasa tunatazamana tu.

Nikipata pumzi nitakuja. Msalimie Mama.

Mdogo wako


Alhamisi, 21 Machi

Kitinda,

Marahaba. Sisi tupo. Mguu wa Mama umepona, kumbukumbu ndiyo haiponi.

Unalalamika mashine inaanza upya kila siku. Njoo uone ya huku. Muuguzi wa zahanati aliniambia nimkumbushe Mama tarehe kila asubuhi, asije akapotea kabisa. Nikamtundikia kalenda mbele ya kitanda. Basi akiamka tunasoma siku, mwezi na mwaka. Akisikia mwaka anashtuka. "Mwaka huo? Mbona baba yenu simwoni?" Namwambia alishafariki, tulishamzika. Analia kama msiba umeingia leo. Nambembeleza, namwosha uso, uji umeshapoa, cherehani yangu imelala na wateja wananuna. Kesho yake tunafiwa tena. Baba yangu nimemzika mara nyingi mno, Kitinda, sina tena machozi ya kumpa.

Halafu anakuulizia wewe. Bado anakujua, anataja hadi lile kovu la kidevuni. Njoo angali anakujua. Daktari hakunificha kwamba hilo nalo litaondoka.

Dada yako, mwenye mgongo unaouma


Jumanne, 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole kwa yote. Barua yako niliisoma kwa vipande, nikiikunja na kuikunjua, kwa hiyo nimechelewa kujibu. Mama hajambo?

Nimempata mchawi wetu. Mfumo hujengwa kwa vipande vinavyobebana. Kipande kilichokamilika kinawekwa ghalani, na safari nyingine mashine inakichukua kilivyo, inajenga kile kilichobadilika tu. Ghala tulikuwa nalo siku zote, lakini halikutusaidia na hatukujua kwa nini. Kumbe fundi mmoja aliyeacha kazi zamani aliandika tarehe na saa kwenye kipande cha chini kabisa, kinachobeba vingine vyote. Kila tukijenga, saa imesogea. Mashine inaona msingi si ule wa mwanzo, inatupa kila kitu. Nimeitoa tarehe kule chini nikaiweka juu, mahali ambapo haibebi kitu. Leo nimebadilisha neno, nikaenda kumimina chai, nikarudi nikakuta imeji tayari. Nilikaa nikiitazama, sina hata nguvu ya kufurahi.

Sasa nina nafasi. Mwambie Mama nakuja mwezi ujao. Ahadi ni deni.

Mdogo wako


Kitinda,

Sijaandika tarehe. Kalenda nimeishusha, iko kabatini, na utaona kwa nini.

Sisi wazima, sijui wewe. Ujumbe wako mfupi niliupata, kwamba bosi ameona kazi inakwenda haraka akakuongezea vifaa vingine viwili. Punda afe, mzigo ufike. Huo mwezi ujao ulipita, na uliofuata nao ukapita.

Ile barua yako ya mchawi niliirudia hadi nikaielewa. Nikajiuliza, kama mashine inabomoa kila kitu kwa sababu ya tarehe, mimi namsomea Mama tarehe ya nini? Asubuhi moja nikaacha. Akaamka, akanitazama, akaomba uji. Akauliza baba yetu yuko wapi. Nikamwambia, "Yuko kazini, Mama, atarudi." Akasema, "Huyo kazi zitamuua," akanywa uji ungali moto. Muuguzi nilimweleza, akasema niendelee. Tangu siku hiyo hatujafiwa. Nashona hadi mchana. Nakushukuru kwa hilo, usidhani nimesahau.

Ila kuna jambo. Akikuulizia wewe namjibu, "Yuko kazini, Mama, atarudi." Juzi nilikuwa nakata kitambaa, nikabaki nimeshika mkasi. Maneno ni yale yale. Wewe na marehemu mna jibu moja. Naye Mama ameanza kuwachanganya, jana alisema una mvi.

Sikulaumu. Nimechoka tu, na nilitaka ujue.

Dada yako


Jumamosi, 10 Agosti

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa simu, maana barua itachelewa. Natumai mmeamka salama. Mimi tangu nisome yako sijalala vizuri.

Nilimwendea bosi. Akasema vifaa havingoji. Nikamwambia ghala lipo, vipande vimo, mwenzangu nimemwelekeza, sasa hata nisipokuwepo imeji itajengwa. Akaniuliza nitarudi lini, nikasema sijui. Hatukuagana vizuri, na huenda nisiikute kazi yangu. Naona aibu kwamba ilibidi uniambie mara mbili.

Tiketi ninayo, basi linaondoka Alhamisi. Nikifika, wewe lala. Mama nitamwosha uso mimi, na uji nitaupika, ukiwa na madonge mtanivumilia.

Akimuulizia baba, jibu lake liache kama lilivyo. Langu ndilo ubadilishe. Mwambie Kitinda yuko njiani.

Mdogo wako