Kibuyu cha Mama

Mtaa wa Pioneer, Alhamisi

Na bado nikamjibu, "Sawa Mama." Hiyo ndiyo inaniuma.

Alipiga simu nikiwa kitandani, saa za darasa. Siku hizi naamka, navaa, nafika geti la chuo, halafu miguu inakataa na narudi. Wenzangu wa uhandisi wanasoma kama watu wanaokimbizwa. Mimi nikifungua kitabu, nakifunga kabla ya ukurasa wa pili. Mtihani wa mwisho sikuingia. Nyumbani Burnt Forest hawajui.

"Nimeshasugua kibuyu na makaa," akasema Mama. "Maziwa ya mursik yako nimeyatia leo asubuhi. Siku ya digrii utakunywa mbele ya watu wote, kama wale wakimbiaji wanavyonyweshwa wakishuka ndege."

Nikamuuliza kama si mapema sana. Akacheka.

"Maziwa yakikaa ndiyo yanashika ladha. Hata baba yako ameshatangaza kanisani. Hicho kibuyu hakuna mtu atafungua mpaka uvae gauni."

Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, nikamsikia akiimba polepole huku akifunga kifuniko, na likatoka lile "Sawa Mama" tu.

Sasa naangalia dari tu. Kule jikoni kwake, maziwa yanaendelea kuganda.